Nywele Zilizokunjwa kwa Bamia

Wiki iliyopita nilikuwa jikoni nakata bamia za chakula cha mchana. Zilikuwa changa, zile ambazo kisu kikipita tu zinatoa ute, na ute ukanijaa vidoleni. Kabla sijanawa, mkono wangu uliondoka wenyewe, ukaenda kichwani, ukashika ncha ya nywele iliyochomoza nje ya kitambaa na kuanza kuizungusha kwenye kidole. Binti yangu aliyekuwa anapepeta mchele akaniuliza, "Mama, sasa bamia unakula au unapaka?" Nilicheka, nikanawa, nikaendelea kupika. Lakini siku ile yote sikuwa jikoni kwangu. Nilikuwa kijijini kwetu, upande wa Milola, nimekaa juani juu ya kinu kilicholazwa, nikisubiri nywele zikauke.

Ninyi wenzangu mliokulia vijiji vya ujamaa mnakijua kijiji changu hata kama hamkukanyaga. Nyumba zilipangwa mstari, udongo wa kuta bado unanuka ubichi, na kila familia ilikuwa imehama na mlango wake wa zamani kichwani, maana mbao za mlango mpya zingetoka wapi? Mikorosho ilibaki kule tulikotoka, na vivuli vyote vilibaki huko huko. Mti uliotuwahi ulikuwa mpapai. Ulipandwa leo, ukigeuka tu, tayari una majani makubwa, na chini ya kila jani bua refu lenye tundu ndani. Sisi watoto tuliyavunja mabua yale tukayapuliza kutwa nzima, mpaka wazee wakatuombea dua mbaya.

Nyumbani tulikuwa watatu: mama, mimi, na Bibi Somoe, mzaa mama. Baba nilimkuta kwenye mazungumzo tu. Alikuwa mtu wa Lindi mjini, mtoto wa watu wa pwani wenye nyumba ya mawe na baraza ya kukaa wageni. Alikuja huku kwetu bara kununua korosho, akamwona mama, akaoa, na homa ikamchukua kabla sijajua kutembea. Kilichobaki kwangu kutoka kwake ni nywele.

Zilikuwa nywele za ajabu kwa kijiji kile. Laini, nyepesi, zimelala, mfano wa ndevu za mahindi mabichi. Hazikushika msuko. Mama akinisuka asubuhi, jua likipanda tayari zimefumuka na kunining'inia machoni. Kina mama kisimani walipenda kuzipitisha vidoleni huku wakiguna, na watoto wenzangu waliniita Ndevu. "Ndevu, njoo tucheze." "Ndevu, mama yako anakuita." Sikukasirika hata kidogo. Nilidhani ni cheo.

Halafu zikaja salamu. Zililetwa na dereva wa lori la korosho, mtu mnene aliyependa kunywa maji kwetu kwa sababu mtungi wa Bibi Somoe ulikuwa na baridi. Alisema mama yake baba, Bi Mwanaidi, atakuja mvua zikikatika, pamoja na mdogo wake baba, kunichukua. Mjukuu sasa meno yameng'oka, anajua kuoga mwenyewe. Ni wakati wa kwenda mjini akasome chuo cha Kurani na kulelewa na watu wake. Kwa watu wa pwani mtoto ni wa kuumeni, upande wa baba, hakuna mjadala. Kwetu Wamwera mtoto ni wa tumbo lililomzaa, na mwenye kauli juu yake ni mjomba. Sasa mjomba wetu alikuwa Tanga, amekwenda kukata mkonge tangu enzi na enzi. Mama alimwendea mwenyekiti wa kijiji, naye akasema mambo ya ndoa na watoto hayamo katika kazi yake, yeye alichokabidhiwa ni shamba la pamoja.

Dereva alikuwa ameshapanda lori alipokumbuka kipande kilichobaki. "Na Bi Mkubwa amesema msihangaike kumtafutia ushahidi. Nywele za ukoo wao hazifichiki. Akimwona tu, atamjua."

Yaliyofuata sikuyaelewa siku ile. Mama ndiye aliyenisimulia nilipokuwa mtu mzima mwenye watoto. Usinione nasimulia kwa uhakika ukadhani nilikuwa mtoto mwenye akili nyingi.

"Amesema atamjua kwa nywele?" aliuliza Bibi Somoe.

"Ndivyo alivyosema, mama."

"Basi asizikute."

"Nimnyoe?"

"Mtoto kipara huulizwa nywele zake ziko wapi. Watakaa hapa wakila kuku wetu mpaka ziote. Mtoto mwenye nywele za kujikunja, nani atamuuliza?"

Mama akasema lile lililokuwa limemkaba. "Watasema si wa mtoto wao, mama. Watasema nilizaa nje, na mume wangu yuko kaburini hawezi kunitetea."

Bibi Somoe hakumdanganya. Bibi yangu alikuwa na makosa mengi, lakini kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa hakujua. "Ndiyo, watasema," alijibu. "Tena watasema mbele ya watu. Sasa chagua, mwanangu. Unataka jina zuri, au unataka mtoto?"

Kesho yake asubuhi mama alikwenda mwenyewe bustanini kuchuma bamia.

Mimi nilichoelewa ni kwamba anakuja mgeni mtukufu kutoka mjini, bibi mwenye nyumba ya mawe, na kwamba natengenezwa niwe mzuri ili anipende. Nilifurahi furaha isiyo na mfano. Kila alasiri, mama akirudi kutoka shamba la pamoja, Bibi Somoe alinikalisha juu ya kinu. Bamia zilikuwa zimekatwa na kulowekwa kwenye kifuu tangu asubuhi, maji yamekuwa mazito, yanavutika. Alichovya vidole, akazipaka ncha za nywele zangu fungu kwa fungu. Ubaridi ule ulinishuka shingoni, ukaingia mgongoni, nikajinyonganyonga, naye akanipiga kofi dogo la bega. "Tulia wewe! Hujui unatengenezewa nini." Kisha akachukua mabua ya mpapai aliyoyakata mafupi ya urefu wa kidole, akazungusha nywele kwenye kila bua mpaka karibu na kichwa, akafunga kwa uzi wa mgomba. Mikono yake ilinuka tumbaku ya kunusa na utomvu wa mpapai. Mpaka leo sijui harufu nyingine yoyote inayoweza kunilaza usingizi upesi namna ile.

Halafu nilikaa juani. Hapo ndipo yalipoanza mambo ambayo sikumwambia mtu. Upepo wa alasiri ulipoinuka kutoka bondeni na kupita kwenye mistari ya nyumba, uliingia katika mabua yale yenye tundu, nayo yakaanza kuimba. Haikuwa sauti kubwa. Ilikuwa mvumo tu, mmoja juu, mwingine chini, karibu kabisa na masikio, kiasi kwamba sikuweza kujua kama uko nje au ndani ya kichwa changu. Nilifumba macho, jua likawa jekundu ndani ya kope, na nikawa na yakini kwamba anayezungumza ni baba. Nilijua alikuwa amekufa, nilionyeshwa kaburi. Lakini nywele zilikuwa zake, sivyo? Basi kama alitafuta njia ya kunifikia, alipita kwenye nywele. Nilimsikiliza mpaka shingo ikauma. Hakusema neno hata moja la kueleweka, na sikuona ajabu, kwa sababu watu wa mjini nilisikia huongea haraka.

Kazi yenyewe haikuwa rahisi kama mnavyodhani. Mara ya kwanza bua lilichomolewa na kuku aliyedhani ni chakula, akakimbia nalo, na mimi nikamkimbilia kuku na kichwa kilichojaa miti. Mara nyingine mvua ya mwisho mwisho ilininyea, kila kitu kikateremka. Bibi Somoe hakukata tamaa. Aliongeza bamia, akapunguza maji, akajaribu mabua membamba, akajaribu manene. Hatimaye nywele zikakubali, lakini nusu tu: juu zililala vilevile, chini ncha zikajikunja na kuwa vikuku vidogo vidogo, mfano wa bangili, vilivyonigonga shingoni nikitembea. Bibi alizunguka kunitazama mbele na nyuma. "Huku juu tutafunga kitambaa," alisema. "Ncha ndizo zitakazotokeza kusema."

Mama alikuwa akitutazama kutoka mlangoni. Nilijitikisa ili vikuku viruke, nikamwuliza, "Mama, nimependeza?" Akasema nimependeza. Lakini aligeuka haraka akaingia ndani, na nilipomfuata nilimkuta anapuliza moto ambao ulikuwa unawaka vizuri. Nikadhani ni moshi.

Walikuja siku ya kuvuna mtama wa shamba la pamoja, kwa hiyo kijiji kizima kilikuwa nje. Lori lilisimama, akashuka kijana mmoja mrefu aliyevaa kanzu, akamshika mkono bibi mdogo wa umbo, amevaa buibui lililobadilika rangi kwa vumbi jekundu la njiani. Huyo ndiye Bi Mwanaidi. Nilikuwa nimetegemea mtu mkubwa kama nyumba yake. Nilifundishwa la kufanya, nikapiga hatua mbele. "Shikamoo, bibi." "Marahaba, mjukuu wangu," alisema, na sauti yake ikakatika mwishoni kama mtu aliyekanyaga mwiba.

Akakaribishwa mkeka, akapewa maji. Watu wakajisogeza, kwetu mgeni ni wa wote, hasa akiwa na jambo. Bi Mwanaidi akanivuta katikati ya magoti yake. Alinishika kidevu, akanitazama macho, pua, masikio. Kisha akainua pindo la kitambaa changu taratibu, akashika ncha za nywele zangu akaziviringisha kati ya vidole, akaziachia, akazishika tena. Nami nikatabasamu na pengo langu lote, nikisubiri sifa.

Baba mdogo ndiye aliyesema. "Mama, tazama nywele hizi. Kwetu nani ana nywele hizi?" Alisema kwa sauti ya kutosha kusikika mpaka kwenye mtama. "Huyu si wetu. Kaka yangu alidanganywa. Twende zetu, lori lisituache."

Nilimwona mwanamke mmoja akiweka mkono mdomoni. Mama alikuwa amesimama kando ya mlango wetu ule wa zamani, mikono imeshika kanga kifuani. Hakuapa, hakulia, hakumwita mtu kumshuhudia. Alisimama akalipokea neno lile mbele ya kijiji kizima, yeye ambaye watu walikuwa wakimwita kusuluhisha ndoa za wenzake. Mimi sijawahi kumwona mtu mwenye nguvu kama mama yangu alivyokuwa saa ile, na nasema hivi nikiwa nimeona mengi.

Bi Mwanaidi hakusimama. Alinusa vidole vyake. "Nimechafuka kwa vumbi," alisema. "Nipeni maji nioge. Huyu mtoto atanifuata anisugue mgongo."

Mgeni akiomba maji ya kuoga hanyimwi, hata angekuwa adui. Bibi Somoe alimtazama mama, mama akamtazama Bibi Somoe, na hakuna aliyekuwa na la kufanya. Tukaenda uani, kwenye kibanda cha makuti, mama ametangulia na ndoo. Bi Mwanaidi alivua buibui akalitundika. Hakujimwagia maji. Alinivua gauni, akachota kata ya kwanza akanimwagia mimi kichwani.

Ute wa bamia ukishakauka, ukiupa maji unazinduka. Nilihisi unateleza masikioni, unashuka mabegani, na vikuku vyangu vyote vikaachia kimoja baada ya kingine, nywele zikalala zikanishika uso kama siku niliyozaliwa. Nililia. Kazi yote ile ya Bibi Somoe! Nilijaribu kuzikunja kwa vidole, zikateleza.

"Bamia," alisema Bi Mwanaidi. Akamgeukia mama. "Nani alizikunja?"

"Sisi, mama."

"Ulikuwa tayari niondoke hapa nikiamini ulimsaliti mwanangu?"

"Ndiyo, mama."

"Na watu wote wale wakusikie?"

"Ndiyo." Mama alipiga magoti pale pale kwenye matope ya maji ya kuogea. "Ninaye huyu tu, mama. Sina mwingine. Niite jina lolote."

Bi Mwanaidi alisimama na kata mkononi. Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye kata, na nje nilisikia watu wanapura mtama. Kisha akaanza kusema polepole, kama anayejisimulia mwenyewe. "Mimi niliye mama yake, waliponiletea habari kwamba amekufa, nilitaka kitu chochote cha kushika. Kofia yake. Kandambili. Nikasema yupo mtoto, nitamshika mtoto. Sikuwaza kwamba kuna mtu mwingine naye ameshika." Alinipangusa maji usoni kwa kiganja. "Inuka, mwanangu. Niletee kitana na mafuta ya nazi."

Alinichana pale pale, nimesimama uchi nalia. Alinipaka mafuta mpaka nywele zikang'aa, akazigawa katikati kwa mstari mmoja mnyoofu, akaziachia zilale mabegani. Mikono yake haikuwa mizito kama ya Bibi Somoe. Mara moja aliinamisha uso wake kichwani kwangu akabaki hivyo, anavuta pumzi, nami nikadhani anachunguza chawa.

Kisha akanivika gauni langu, akanishika mkono, tukatoka mbele ya watu. Mama alikuja nyuma yetu, kanga imejaa matope, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekwisha nyang'anywa.

"Mtazameni," alisema Bi Mwanaidi, na sasa sauti yake ilikuwa ya mwenye nyumba ya mawe. "Kila mmoja aje amtazame. Huyu ni damu ya mwanangu, kaniachia mfano wake. Aliyesikia neno baya juu ya mama yake hapa leo, alitupe." Akamgeukia baba mdogo. "Na wewe uliyelisema, muombe radhi shemeji yako."

Baba mdogo akaomba radhi, kichwa chini. Kisha, akitaka kurekebisha mambo, akasema, "Basi mtoto afungiwe nguo zake, mama. Lori linangoja."

"Nguo za nini?"

"Si tumekuja kumchukua?"

"Mimi nimekuja kumtazama mkwe wangu," alisema Bi Mwanaidi. "Nimemwona."

Mama alikaa chini. Hakuchagua mahali, alikaa tu palepale aliposimama, kwenye makapi ya mtama, na Bibi Somoe akaketi karibu naye akamwekea mkono mgongoni. Watu wakaanza kusema wote kwa pamoja. Mtu mmoja akaleta kuku wa zawadi, mwingine mapapai, maana mgeni harudi mikono mitupu. Katika kelele zile zote hakuna aliyenikumbuka mimi.

Nami nilikuwa nimesimama na mstari wangu wa katikati, nimeelewa jambo moja tu. Mgeni mtukufu alikuwa amekuja kunichukua, na sasa anaondoka bila mimi. Alinipenda nikiwa na vikuku. Alinivuta kati ya magoti yake. Kisha maji yakamwagika, vikuku vikaisha, nikarudi kuwa Ndevu, na yeye akaghairi. Kulikuwa na maelezo gani mengine? Nilitazama lori likiwashwa, nikaona analipanda, nikaona mlango unafungwa, na moyo wangu mdogo haukuweza.

Nilikimbia. Nilikimbia katikati ya mistari ya nyumba, miguu peku, vumbi la lori linanijaa mdomoni, nywele zimelala nyuma kwa upepo. "Bibi!" nilipiga kelele. "Bibi, subiri! Zikikauka zitajikunja! Zitajikunja tena, bibi, kesho tu!"

Lori lilipunguza mwendo kwenye shimo la mwisho wa kijiji. Bi Mwanaidi alichungulia dirishani, akaniona, akanisikia. Alifungua mdomo kama anayetaka kumwambia dereva asimame. Halafu akajivuta ndani, akajifunika uso wote kwa buibui, mabega yakimtikisika, na mimi nikasimama katikati ya njia nikidhani ananicheka.